KINGA YA WAYA ULIO MOYONI

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika ukumbi wa shule



Katibu aliponiandikia alinipa uhuru wa kuchagua jambo lolote, ila nisiguse siasa na nisipitishe nusu saa. Nimechagua waya. Sisemi waya wa senyenge, wala waya wa umeme wa nyumbani. Nasema waya mwembamba, unene wake milimita 2 hivi na urefu wake nusu mita na ziada kidogo, ambao ncha yake moja imeunganishwa na kifaa kilichozikwa chini ya ngozi ya kifua, na ncha ya pili imekaa ndani ya moyo wa mtu aliye hai.

Nitaeleza mambo matatu. Kwanza, kifaa hicho ni nini na kilitoka wapi. Pili, kwa nini waya wake unahitaji kukingwa, na kwa nini kuukinga ni kazi ngumu. Tatu, jambo hili linatudai nini sisi tuliomo humu: tunaonunua kwa fedha za umma, tunaougua, na tunaosoma.

Huenda wako wanaojiuliza haya yanatuhusu nini. Ndugu zangu, yanatuhusu. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Dar es Salaam, huwawekea wagonjwa vifaa hivi. Na mashine za MRI, ambazo wengi wetu tulizisikia kama habari za nchi za mbali, zimekwisha kuingia katika hospitali zetu kubwa. Vitu hivi viwili vinapokutana katika mwili wa mtu mmoja, waya ninaousema ndio unaoamua kama mtu huyo atatoka salama.

Betri ya moyo

Kifaa chenyewe watu wetu wamekipa jina zuri: betri ya moyo. Moyo wenye afya una umeme wake wenyewe. Sehemu ndogo iliyo juu ya moyo hutoa mshtuko mdogo, mshtuko huo husafiri hadi vyumba vya chini, na misuli hujikaza na kusukuma damu. Njia hiyo ikikatika, mapigo hupungua, na mgonjwa hupatwa na kizunguzungu, huzirai, na pengine hufa. Betri ya moyo hufanya kazi ambayo moyo umeshindwa kuifanya: hutoa mshtuko wa volti chache tu, kwa muda usiofikia hata elfu moja ya sekunde, na moyo hupiga.

Kifaa cha kwanza kuwekwa chote ndani ya mwili kiliwekwa tarehe 8 Oktoba 1958 huko Solna, Sweden, katika hospitali ya Karolinska. Daktari mpasuaji alikuwa Åke Senning, na mhandisi aliyekitengeneza alikuwa Rune Elmqvist. Mgonjwa, Arne Larsson, alikuwa na umri wa miaka 43. Sehemu za kifaa zilifunikwa kwa epoksi, gundi inayokauka ikawa ngumu kama jiwe, na kalibu waliyotumia kuimimina ilikuwa kopo la rangi ya viatu. Kifaa hicho kilidumu saa chache tu, kikawekwa kingine. Lakini Bwana Larsson aliishi hadi mwaka 2001, akafikisha miaka 86, baada ya kutumia vifaa 26 kimoja baada ya kingine. Aliishi muda mrefu kuliko daktari wake na mhandisi wake.

Vifaa vile vya mwanzo vilikuwa kama mpiga ngoma asiyesikia. Vilipiga kwa mwendo mmoja, moyo upende usipende. Katika miaka ya 1960 vikatengenezwa vifaa vinavyosikiliza. Kifaa cha namna hii husubiri. Moyo ukipiga wenyewe, hunyamaza. Moyo ukichelewa, hupiga. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Lakini, Ndugu Mwenyekiti, mwenye kusikia huweza pia kudanganywa.

Umeme ambao kifaa kinausikiliza kutoka moyoni ni mdogo mno. Hupimwa kwa sehemu za elfu za volti moja. Nje ya mwili dunia imejaa umeme na mawimbi: redio, mota, mashine za kuchomelea, nyaya za umeme. Mawimbi hayo yakiingia ndani ya kifaa, kifaa huweza kudhani kuwa moyo unapiga, kikanyamaza. Kwa mgonjwa ambaye moyo wake unategemea kifaa kwa kila pigo, ukimya huo ni hatari. Ndiyo maana zamani katika nchi za wenzetu palikuwa na matangazo karibu na majiko ya mikrowevu, kuwaonya wenye betri za moyo wasisogee.

Redio ndani ya sufuria

Dawa ya kwanza ilikuwa kuacha epoksi na kukifungia kifaa ndani ya ganda la chuma. Katika miaka ya 1970 titaniamu ilianza kutumika, nayo ndiyo hutumika mpaka leo. Chuma hicho hakishiki kutu mwilini, na kazi yake ya pili ni kuzuia mawimbi.

Wadogo zangu, kanuni yake mnaifahamu, au mtaifahamu kabla hamjamaliza Kidato cha Nne. Mwaka 1836, huko London, Michael Faraday alijenga chumba cha fremu za mbao, futi 12 kila upande, akakivika vitu vinavyopitisha umeme. Kisha akaingia ndani na vipimo vyake, huku nje mashine ya umeme ikikishtua chumba kile kwa nguvu hata cheche zikaruka. Ndani hakuona dalili yoyote ya umeme. Umeme ulibaki juu ya ngozi ya chumba. Faraday huyo, kama mnavyojua, alikuwa mtoto wa mhunzi, akaanza maisha kama mwanafunzi wa fundi wa kujalidi vitabu.

Jaribio hili mnaweza kulifanya jikoni. Chukueni redio ndogo ya betri, ifungulieni, iwekeni ndani ya sufuria, kisha funikeni kwa mfuniko unaokaa vizuri. Sauti itafifia au itakatika kabisa. Wale waliokulia katika nyumba za bati na kuta za mabati wanajua kwa nini redio hukaa dirishani.

Sasa ongezeni jambo moja. Chukueni waya wenye ganda la plastiki, ufungeni kwenye eriali ya redio, na upitisheni pembeni mwa mfuniko hadi nje. Kituo kitarudi! Sufuria haijatoboka na mfuniko haukuondoka, lakini waya umekuwa mlango, na wimbi limeingia nao hadi ndani.

Hapo ndipo ilipo shida yote ya betri ya moyo. Unaweza kulifanya ganda likamilike kama yai, lakini ni lazima waya utoke, maana bila waya hakuna njia ya kuufikia moyo. Wahandisi waliweka kapasita ndogo pale waya unapotokea ganda. Kapasita hiyo huyapeleka mawimbi yanayotetemeka kwa haraka kwenye ganda la chuma, na umeme wa moyo, ambao ni wa polepole, huachwa upite. Vilevile walibadili waya wenyewe. Zamani nyaya nyingi zilikuwa na ncha moja moyoni, na ganda la kifaa lilitumika kama ncha ya pili; kwa hiyo kati ya ncha na ncha palikuwa na nafasi kubwa ya kudaka kelele za nje. Waya wa ncha mbili, zilizo karibu karibu ndani ya moyo, hudaka kelele kidogo zaidi, kwa sababu kelele inayofika kwa ncha zote mbili kwa pamoja huweza kufutwa.

Kwa njia hizo vifaa vya leo vimekuwa imara. Mwenye betri ya moyo anaweza kupasha chakula kwenye mikrowevu bila hofu. Simu ya mkononi ashauriwa kuiweka mbali na kifaa kwa sentimita 15 hivi, asiitie katika mfuko wa shati ulio juu yake. Kuhusu kuchomelea vyuma na mashine kubwa za umeme, amwulize daktari wake kwanza.

Waya unapokuwa eriali

Lakini kuna mashine moja iliyoyazidi yote haya, nayo ni MRI.

Mashine ya MRI hupiga picha za ndani ya mwili bila kutumia eksirei. Ina sumaku kubwa; iliyo ya kawaida ni ya tesla 1.5, ambayo ni zaidi ya mara 20,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayogeuza dira. Pamoja na sumaku hiyo, mashine hutupa mawimbi ya redio mwilini. Kwa sumaku ya tesla 1.5 mawimbi hayo hutetemeka mara milioni 64 hivi kwa sekunde. Kwa ya tesla 3, mara milioni 128. Chumba chenyewe cha MRI huvikwa shaba kuta zote, dari na sakafu, ili redio za nje zisiharibu picha. Kwa hiyo mgonjwa analala ndani ya chumba cha Faraday. Ila safari hii kisambazaji cha mawimbi kimefungiwa mle mle pamoja naye.

Angalieni hesabu hii. Wimbi linalotetemeka mara milioni 64 kwa sekunde, likiwa hewani, urefu wake ni mita 4.7 hivi. Lakini likiingia mwilini, kwenye nyama iliyojaa maji, hufupika hadi kufikia kama nusu mita. Na waya wa moyo urefu wake ni kiasi gani? Nusu mita na ziada kidogo. Kila aliyesoma habari za redio anajua kuwa eriali hudaka vizuri pale urefu wake unapokaribiana na urefu wa wimbi, au nusu yake. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo, lakini waya wa moyo umeangukia karibu na kipimo cha eriali ya mashine ya MRI.

Wimbi likidakwa, mkondo wa umeme hukimbia ndani ya waya. Waya wenyewe haupati joto sana, kwa kuwa unapitisha umeme vizuri. Taabu iko mwishoni. Umeme ulioenea katika waya mzima hulazimika kutokea katika ncha ya eneo la milimita chache za mraba na kuingia katika nyama ya moyo, mfano wa watu wa uwanja mzima wa mpira wanaotokea mlango mmoja. Hapo msongamano hugeuka joto. Nyama inayoigusa ncha huweza kuungua, na nyama iliyoungua haiitikii tena mshtuko wa betri kama zamani. Ile kapasita niliyoitaja haitusaidii hapa: hulinda mitambo iliyo ndani ya ganda, lakini hailindi nyama iliyo kwenye ncha.

Jambo hili si la vitabuni tu. Mwaka 2001 madaktari wa Marekani waliandika habari za mgonjwa wa Parkinson aliyekuwa na kifaa cha jamii hii, lakini waya wake ulikuwa ubongoni. Aling'olewa meno, kisha akapewa tiba ya joto la mawimbi ya redio kwenye taya. Mawimbi yakadakwa na waya, joto likatokea kwenye ncha, na ubongo ukaharibika kiasi kwamba hakurudiwa na fahamu. Mwishoni mwa mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikatoa onyo kwa umma kuhusu tiba hiyo kwa watu wenye nyaya mwilini. Aliyempa tiba alikuwa akitibu taya. Hakuwa na habari ya waya.

Kuuvika waya

Kwa nini basi wahandisi wasiuvike waya wavu wa chuma kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama ulivyo waya wa eriali ya televisheni? Swali hili ni zuri, na wavumbuzi wengi wamelifanyia kazi. Majibu yake yanafundisha.

Kwanza, wavu huo nao ni chuma kirefu. Ukiuacha hivi hivi, wenyewe huwa eriali, na joto linalokimbizwa kutoka kwenye ncha ya waya hutokeza kwenye ncha ya wavu. Tatizo limehamishwa, halikuondolewa. Kwa hiyo wavu hauna budi kuunganishwa na ganda la kifaa ili umeme upate pa kwenda, au kukatwa vipande vifupi kuliko wimbi, au kufanywa ili nguvu ienee kidogo kidogo njia nzima badala ya kulundikana mahali pamoja.

Pili, kuna habari ya uchovu wa chuma. Moyo unaopiga mara 72 kwa dakika hupiga mara 103,680 kwa siku, na karibu mara milioni 38 kwa mwaka. Kila pigo huukunja waya. Chukueni waya wa kawaida muukunje kwa vidole, mtaona unakatika baada ya mara ngapi. Ndiyo maana waya wa moyo husokotwa kama springi, kwa mchanganyiko maalumu wa nikeli, kobalti, kromiamu na molibidenamu, kisha ukavikwa silikoni au poliyurethini. Kila uzi wa chuma unaouongeza huko ni kitu kingine kinachoweza kukatika.

Tatu, unene. Waya hupitishwa katika mshipa wa damu ulio chini ya mtulinga. Ukiwa mnene huuziba mshipa. Ukiwa mgumu huweza kutoboa ukuta wa moyo.

Kwa sababu hizo, wahandisi wengi walikwenda njia ya pili: badala ya kuuvika waya ngao ya nje, wakaubadili usokotaji wake. Waya uliosokotwa kwa namna fulani hukataa mitetemo ya haraka, lakini huupitisha umeme wa polepole wa moyo kama kawaida. Wengine wakaweka vichujio vidogo karibu na ncha. Barani Ulaya mfumo wa kwanza wa betri ya moyo uliotengenezwa kwa ajili ya kuingia MRI ulikubaliwa mwaka 2008, na Marekani mwezi Februari 2011. Neno linalotumika ni kwamba ni salama kwa masharti. Naomba mlishike neno hilo la masharti.

Zabuni

Ndugu Mwenyekiti, sasa naingia katika kazi yangu ya kila siku. Mimi si daktari. Nilisoma Fizikia chuo kikuu, serikali ikanipeleka kwenye ununuzi, na huko ndiko nilikodumu. Miaka michache iliyopita niliketi katika kamati ya kutathmini zabuni ya betri za moyo pamoja na nyaya zake. Taasisi sitaitaja, na mzabuni sitamtaja.

Mzabuni mwenye bei ya chini kuliko wote alileta betri nzuri kabisa. Juu ya boksi palikuwa na alama ya kuonyesha kuwa ni salama kwa masharti katika MRI. Nyaya zilitoka kwa mtengenezaji mwingine, na hapo ndipo bei iliposhuka. Mmoja wa wenzetu, mtu mwadilifu na mzoefu, alishika waya akauingiza katika betri ya mfano, ukaingia bila tabu. Akasema, "Plagi inaingia, umeme unapita, bei ni ndogo. Tunabishania nini?"

Ni kweli plagi iliingia. Duniani pana kipimo kimoja cha plagi hizo, kilichokubaliwa ili daktari asikwame. Lakini alama ya MRI haitolewi kwa betri peke yake. Hutolewa kwa mfumo: betri hii pamoja na waya huu wa urefu huu, vilivyopimwa vikiwa pamoja. Tuliomba orodha ya mtengenezaji, tukaisoma mstari kwa mstari. Nyaya zile hazikuwamo. Tungewawekea wagonjwa betri yenye alama na waya usio na alama, na mfumo mzima ungekuwa hauna masharti yaliyothibitishwa. Mgonjwa angeishi vizuri. Moyo wake ungepiga. Kisha baada ya miaka kadhaa angepata maumivu ya uti wa mgongo, au uvimbe kichwani, daktari angeagiza MRI, na hapo ndipo lingegundulika lile ambalo sisi tulilipitisha mezani kwa dakika tano. Na waya haubadilishwi kama balbu. Baada ya miaka kadhaa huwa umeshikamana na mshipa na moyo, na kuuondoa ni upasuaji wa hatari.

Vikao vilikuwa vitatu. Sitaki mdhani kwamba upande mmoja ulikuwa wa watu wema na mwingine wa watu wabaya. Daktari wa moyo aliyealikwa alituambia wazi kuwa wapo wagonjwa wanaosubiri, na kwamba mgonjwa ambaye umeme wa moyo wake umekatika hawezi kuishi kwa kusubiri karatasi zetu. Alisema bora waya wowote kuliko kaburi. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na yalituuma. Mwishowe kamati ilikubaliana mambo mawili. Mifumo michache iliyokamilika inunuliwe mara moja kwa utaratibu wa dharura, kwa ajili ya wale wasioweza kusubiri. Na zabuni iliyobaki itangazwe upya, ikiwa na sentensi moja iliyoongezwa: betri na waya viwe vya mfumo mmoja uliothibitishwa, na orodha ya uthibitisho iambatanishwe. Kuchelewa kulikuwapo, na kuchelewa kuna gharama yake. Lakini sentensi ile ingalimo katika masharti yetu mpaka leo, na kila anayeleta zabuni huisoma kwanza.

Na wale wenye nyaya za zamani?

Nisiwatie hofu wazee wangu ambao huenda wana nyaya za zamani. Mwaka 2017 ulichapishwa Marekani uchunguzi wa wagonjwa waliokuwa na vifaa visivyotengenezwa kwa ajili ya MRI. Walipigwa picha 1,500 za sehemu zisizo kifua, kwa mashine ya tesla 1.5, picha 1,000 zilikuwa za wenye betri za moyo, na 500 za wenye vifaa vya kushtua moyo unapovurugika. Hakuna aliyekufa wakati wa kupigwa picha, na hakuna waya uliokufa. Kifaa kimoja tu kililazimika kubadilishwa mara moja, nacho ni kile ambacho hakikupangwa upya kama utaratibu ulivyoagiza kabla ya picha.

Hapo pana mafunzo mawili. La kwanza, mgonjwa wa waya wa zamani asifukuzwe mlangoni kwa neno moja la "haiwezekani"; pana hospitali zenye wataalamu wa kupima faida na hatari. La pili, usalama ule haukutokea wenyewe. Wagonjwa walichaguliwa, vifaa vilipangwa upya kabla na kukaguliwa baada, na mtaalamu alikuwapo akiangalia mapigo. Tena wagonjwa wenye nyaya zilizoachwa moyoni bila betri wanahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa waya wa namna hiyo huweza kupata joto zaidi kuliko uliounganishwa.

Kwa hiyo nawaomba: kila aliyewekewa kifaa hupewa kadi. Kadi hiyo ina jina la betri na jina la waya. Itunzwe pamoja na kitambulisho, na nakala apewe mtu wa nyumbani. Unapokwenda kwa daktari yeyote, hata wa meno, hata wa kukanda viungo, itoe kabla hujaulizwa. Mkumbukeni yule mgonjwa wa taya.

Kwa wadogo zangu, na kwa mkutano huu

Wadogo zangu, katika habari yote niliyoisimulia hamkusikia jambo lisilokuwamo katika mtaala wenu. Urefu wa wimbi, eriali, kapasita, springi, uchovu wa chuma, joto la umeme: hayo yote yanafundishwa katika jengo lile lililo nyuma ya ukumbi huu. Katika kile kikao cha zabuni, kilichoniwezesha kuuliza swali hakikuwa cheo changu, maana nilikuwa mdogo kuliko wote mezani. Ni kwamba niliwahi kufundishwa, hapa, kuwa waya unaopita katika ngao huivunja ngao. Sidhani mwalimu wetu aliyetufundisha hilo alikuwa akifikiria betri za moyo. Alitaka tu tujue.

Ndugu Mwenyekiti, nimo katika mipaka ya saa yangu, na sitagusa siasa. Lakini mezani pana mapendekezo mawili ya kutumia michango yetu ya mwaka huu: kujenga lango jipya la shule, au kutengeneza maabara ya Fizikia. Asubuhi nimeizungukia maabara. Meza zipo, soketi hazina umeme, na vipimo vya umeme vinavyofanya kazi havifiki vitano. Nayajua mapenzi ya kaka zangu kwa lango. Lango huonekana na kila apitaye barabarani, na shule yetu inastahili lango. Hata hivyo naomba mkutano ukubali kuanza na maabara, na lango lifuate mwakani. Mimi nitatoa mchango wangu kwa lolote litakaloamuliwa, na pendekezo la maabara nitalipigia kura kwa mikono yote miwili, kama katiba yetu ingeruhusu.

Nawashukuru walimu waliotufundisha, walio hai na waliotangulia mbele ya haki. Wadogo zangu, sufuria na redio nimeziacha kwa Mwalimu wa Fizikia. Lifanyeni jaribio lile jioni hii, kisha mwelezane kwa nini kituo kinarudi.